Siku Niliyowadanganya Ng'ombe wa Kashindye

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili nisisikie mtu akimsingizia ng'ombe, au mjane, au hifadhi ya Mikumi. Wajinga wengine walikuwepo, sikatai, ila wao walikuwa wajinga wa kawaida. Mimi nilikuwa mjinga mwenye kazi maalumu, na kazi yenyewe nilikabidhiwa mbele za watu.

Naitwa Yassin. Ni Msagara wa Mvumi, nalima mahindi na mpunga kidogo. Kabla ya hapo nimechoma mkaa, nimefyatua matofali, nimekuwa utingo wa lori mpaka siku lori lilipolala ubavu nami nikiwa juu ya magunia. Kila kazi iliniachia kovu moja na mzaha mmoja.

Rafiki yangu Kashindye alikuwa Msukuma, kaja na ng'ombe wake kutoka Maswa mwaka ule baada ya mafuriko. Sisi na wao ni watani. Siku ya kwanza kuonana, ng'ombe wake walikuwa ndani ya mahindi yangu. Nikamwita mtumwa wangu, naye akaniita mtumwa wake. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji tunatukanana, tukarudi tunacheka. Tuliendelea hivyo miaka kumi na mitano.

Mwaka huu, mwezi wa sita, akafa kwa figo. Nilikuwa naye hospitali. Nilimpelekea uji nikamwambia Msukuma hafi kwa figo, Msukuma anakufa kwa ugali. Akacheka, na kesho yake akafa. Nilisema inna lillahi kwa sauti ile ile ninayosemea karibu chai. Nilichimba kaburi na wenzangu, nikala wali wa msiba, chumvi sikuisikia. Watu walinitazama wakingoja nilie, au angalau nifanye utani wa msibani kama ilivyo desturi. Utani niliufanya. Nililala ndani ya kaburi kabla ya maiti kufika, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku. Walicheka, nikapewa kuku. Ndani yangu ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, ukiugusa ni wa mtu mwingine.

Baada ya matanga likaja suala la ng'ombe. Walikuwa kumi na wawili. Mjane wake, Kishiwa, alitaka kuwahamishia kwa binti yake Jackline, aliyeolewa kijiji kimoja karibu na Mikumi, kwa sababu Mvumi malisho yamekwisha na kila ukitazama ni shamba la mtu. Amon, mdogo wa marehemu, anayeishi Lumuma, alisema ng'ombe wa kaka ni wa ndugu wa kaka. Kishiwa hakuwa na kitu kingine duniani. Bila wale ng'ombe angekwenda kwa Jackline mikono mitupu, awe mgeni wa mkwe wake mpaka afe, anapewa kikombe cha maziwa na kushukuru.

Ndugu wakakaa wakaamua kwa mila ya ukoo wao. Ng'ombe wahamishwe. Wakilala mara nne kwa Jackline na kutulia, basi wamemkubali Kishiwa. Wakikataa, Amon awachukue awapeleke Lumuma. Kishiwa akasema sawa. Amon akasema sawa, akacheka kidogo puani.

Sasa, kuhamisha ng'ombe kwa watu wale si kufungua zizi na kupiga mluzi. Hawahami siku ambayo mtu kapiga chafya zizini. Njiani hawahesabiwi kwa mdomo, ukiulizwa wangapi, unajibu "wanatosha." Anayetembea nyuma hageuki. Na kama mwenye ng'ombe amekufa, ng'ombe lazima waambiwe, getini, kabla hawajakanyaga nje.

"Nani anawaambia?" nilimuuliza Kishiwa.

"Wewe."

"Mimi Mwislamu, mama. Ng'ombe wenu ni Wakristo."

"Mtani ndiye anayesema," alijibu. Hakuwa na nguvu za kucheka. "Ndugu akisema, ng'ombe wanasikia mrithi. Mtani harithi kitu. Unasimama mbele ya yule anayeongoza, unamwambia mara moja, kwa maneno yasiyozunguka: Kashindye amekufa, tumemzika, nendeni. Basi."

"Basi?"

"Basi. Maneno machache kuliko unayotumia kuomba tumbaku."

Yule anayeongoza alikuwa jike mkubwa mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Mimi ndiye niliyempa jina la Shangazi, kwa sababu alitembea kama shangazi anayeingia harusini kutafuta kosa. Kashindye alikuwa akimkuna shingoni kila jioni. Asubuhi ya kuondoka alisimama getini akinitazama, na nyuma yangu walikuwa majirani, Kishiwa, mkwe wake Seni aliyekuja kutusaidia kuswaga, na Amon kaegemea mti wa uzio.

Nikafungua mdomo. Neno lile, amekufa, nilikuwa sijalisema. Sikuwa nimegundua mpaka pale. Mwezi mzima nilisema "msiba", nilisema "marehemu", nilisema "rafiki yetu", kila neno isipokuwa lenyewe. Nikalitafuta nikalikosa. Sikuwa na uchungu, sikuwa na donge kooni, hapakuwa na kitu, kama unapoingiza mkono mfukoni ukakuta kitambaa tu.

Mtani akikosa la kusema, mdomo unajisemea wenyewe. Nikamwambia Shangazi, "Mama, mzee wenu ametangulia Mikumi. Kaenda kutafuta kiti cha mbele. Twendeni tukamkute!"

Watu wakaangua kicheko. Kishiwa naye akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, akaziba mdomo kwa kanga. Nilijiona nimefanya kazi. Amon peke yake hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki mwenyewe amwone.

Shangazi akatoka. Wengine wakafuata, na Kishiwa akamwaga jivu getini.

Tulitembea siku nne. Siku ya kwanza kwenye kizuizi bwana wa mifugo alitaka kibali. Kishiwa akampa.

"Wako wangapi, mama?"

"Wanatosha."

"Nauliza wangapi."

"Si umeshika karatasi? Soma."

Yule bwana akaanza kuwahesabu kwa kidole, kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kishiwa akaziba masikio. Nikamwambia yule bwana, "Kaka, hesabu kimoyomoyo, mama huyu ana mila." Akanijibu serikali haina moyo wa kuhesabia. Nilimpenda yule mtu.

Siku ya pili tukavuka daraja la Mkondoa tukakata pembeni mwa Mabwerebwere. Hapo ndipo lilipotokea. Kando ya njia alikaa fundi baiskeli, mtu wa makamo, kavaa kofia pana ya ukindu kama aliyokuwa akivaa Kashindye. Shangazi akaacha njia. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule fundi, akanusa kofia, akanusa bega, halafu akamtazama usoni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wee mama, ng'ombe wako ananidai nini?" fundi aliuliza, spana mkononi.

"Anakuposa," nikasema. "Una mahari?"

Fundi akacheka. Shangazi akapumua kwa nguvu, akageuka, akarudi njiani. Mbele kidogo mwanamume mwingine alikuwa akinawa miguu mferejini. Akaenda kumtazama na huyo.

Kishiwa akasimama. "Mtani. Uliwaambia nini pale getini?"

"Si ulisikia."

"Nilisikia. Nikacheka, Mungu anisamehe." Akajifunga kanga upya, taratibu, kama anayetafuta pa kuweka mikono. "Anamtafuta."

"Ng'ombe huyo? Anatafuta chumvi kwenye jasho la watu."

"Anamtafuta, Yassin."

Aliponiita jina badala ya mtani, nikajua mambo yameharibika. "Basi nitamwambia sasa hivi."

"Haisemwi njiani. Njiani ni maneno ya njiani. Inasemwa mlangoni, mara moja, na wewe mara yako umeitumia kuchekesha watu."

Tukapita chini ya reli mpya, ng'ombe wakishangaa mwangwi wa kwato zao wenyewe. Tukavuka mto Miyombo, tukafika kijiji cha Ulaya, na kila palipokuwa na mwanamume kakaa Shangazi alikwenda kuthibitisha. Seni, kijana asiyesema sana, alisema neno moja tu safari nzima: "Huyu angefaa polisi."

Jackline alitupokea njiani akikimbia na mtoto mgongoni. "Shikamoo mama. Shikamoo ba'mdogo Yassin."

"Marahaba. Umenenepa. Mumeo anakulisha mawe?"

"Ba'mdogo, acha zako." Alikuwa akilia na kucheka. Wote walijua kulia, isipokuwa mimi. Zizi lake lilikuwa jipya, miti bado inatoa utomvu, maji karibu, majani ya kutosha nyuma ya nyumba. Ng'ombe wenye akili wangelala pale wakashukuru Mungu.

Kumi na mmoja walilala. Shangazi alisimama. Alisimama na uso kuelekea Mikumi mpaka asubuhi, na gogo la mlango wa zizi lilipotolewa akatoka mbio, na wenzake wakainuka wakamfuata. Hawakurudi nyuma Mvumi, kama ng'ombe waliokataa mahali wanavyofanya. Walikwenda mbele. Tuliwafuata mimi na Seni tukawarudisha. Siku ya pili vilevile, mbali zaidi. Siku ya tatu waliivunja ile miti mipya kabla hatujaamka sawasawa.

Lazima nieleze palivyo. Mbele ya kijiji kile ni pori, na mbele ya pori ni mpaka wa hifadhi. Ng'ombe akivuka pale si wako tena mpaka uongee na watu wenye sare, na wakati unaongea nao simba hawakungoji. Kishiwa alijua. Alikaa juu ya kinu kilicholala, mikono kwenye magoti, akasema, "Nendeni. Mimi miguu imekataa."

Tulikwenda mimi na Jackline, maana Seni alikuwa kaenda kukata miti. Jackline alitangulia, mtoto kamwachia mama yake, fimbo begani. Tulifuata kwato na kinyesi kibichi, jua likapanda, mbung'o wakatuuma migongoni. Nikafanya utani kuhusu mbung'o. Sikumbuki niliusema vipi. Jackline hakucheka, na mimi sikujali kwamba hakucheka.

Tuliwakuta kwenye njia pana iliyofyekwa ya kuzuia moto. Kulikuwa na bikoni nyeupe ya mpaka, fupi, kama jino. Ng'ombe wote walikuwa upande wetu wamezubaa, na Shangazi kasimama usawa wa bikoni, pua iko hifadhini.

"Usimpigie kelele," Jackline alisema chinichini. "Ukimshtua anavuka. Ba'mdogo, mwambie."

"Mama yako kasema inasemwa mlangoni."

"Na hapa ni nini? Akipita hapa si keshatoka? Huu nao ni mlango, wa serikali. Mwambie!"

"Jackline..."

"Hata mimi hujaniambia!" alisema. "Ulinipigia simu siku ile ukasema, 'Njoo, baba yako kamaliza dawa.' Nikapanda gari najua nakwenda kumchukua mgonjwa. Nimeambiwa na abiria aliyepanda Kilosa. Mwambie huyo ng'ombe!"

Kweli nilisema hivyo. Kamaliza dawa. Nilikuwa nimesahau.

Nikatembea polepole mpaka mbele ya Shangazi, nikawa mimi niko ndani ya hifadhi na yeye yuko nje, mvamizi ni mimi. Alinitazama usoni. Mimi naye tunafahamiana, hakunusa.

"Kashindye amekufa," nikasema. "Tumemzika. Udongo nimetupia mimi. Hayuko Mikumi. Nilikudanganya."

Nilikuwa nasubiri kitu, kusema kweli. Nilifikiri kifua kitapasuka, au machozi yatatoka, au ng'ombe atalia kama wanavyosimulia watu. Shangazi akacheua, akainua mkia, akakojoa. Alikojoa muda mrefu sana. Mimi nikasikia kiu. Nikasimama pale na kiu yangu, jua kichwani, nikisikiliza mkojo wa ng'ombe ukipiga majani makavu, na sikuhisi kitu kingine chochote.

Halafu akageuka. Jackline akapiga mluzi, wakarudi wote kwa mwendo wa kawaida, Shangazi mbele. Tulipita mtu kakaa juu ya mzigo wa kuni, kavaa kofia. Hakumtazama.

Jioni ile Jackline aliweka chumvi ya mawe zizini. Kwa hiyo ukiniuliza Shangazi alilala kwa sababu ya chumvi, au uchovu, au kwa sababu aliambiwa, nitakujibu kwamba alilala. Alikunja miguu ya mbele, akajitupa kama gunia, akapumua. Kishiwa alisimama kwenye uzio akimtazama mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi Amon akashuka kwenye bodaboda. Watu wana simu. Habari za miti iliyovunjika zilimfikia Lumuma kabla miti mipya haijakatwa. Alikuwa na kamba mpya begani, ya manila, bado ina lebo.

"Shikamoo shemeji," alimwambia Kishiwa, maana mke wa kaka ni mkubwa.

"Marahaba. Karibu uji."

"Uji baadaye. Nimekuja kwa lile tulilokubaliana. Ng'ombe wamekataa."

"Wamelala," Kishiwa alisema. "Waone."

"Wamelala leo. Siku tatu wamevunja zizi wakakimbilia porini. Mashahidi ninao."

Nikaingilia kati, maana kosa ni langu. "Amon, mtumwa wangu, makubaliano yalisema wakikataa mahali. Ng'ombe anayekataa mahali anarudi alikotoka. Hawa walikwenda mbele. Wametembea bure tu, kama mimi."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyeharibu. Uliambiwa useme kifo, ukasema mzaha. Nilikuwepo, nilisikia, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Akahamishia kamba bega la pili. "Ng'ombe waliodanganywa getini hawajahama. Miguu imehama, wao hawajahama. Ndiyo mila. Lazima warudi kwenye mikono ya ukoo."

"Wameambiwa jana," Jackline alisema. "Mpakani. Nilikuwepo."

"Mpakani si mlangoni! Tangu lini bikoni ikawa geti la zizi? Mtafungua mila kila mtu na ufunguo wake?"

Hapo alinibana. Kwa mila alikuwa sahihi, na mimi ninayecheka mila za watu nilijua kabisa kwamba alikuwa sahihi. Nikatazama chini. "Kama kuna adhabu ya mtani aliyekosea, nipeni mimi," nikasema. "Nina mbuzi wawili Mvumi. Chukua. Ng'ombe waache."

"Sitaki mbuzi wako."

"Kosa ni langu, si la mama huyu."

"Kosa lako ni faida ya ukoo," alisema Amon, na alipoona limetoka vibaya akaongeza upesi, kwa sauti ya msibani, "Shemeji, mimi sina ubaya. Mimi ni damu ya Kashindye. Mnyama hasemi uongo, wamekataa kukaa bila damu yake. Unafikiri napenda safari hizi? Nimeacha vitunguu vyangu shambani, wiki hii ndiyo vinang'olewa, nikaja kwa sababu ya ndugu yangu."

Akaanza kukunjua kamba. Seni akaweka panga chini, polepole, akasimama wima. Jackline akamshika mumewe mkono. Kishiwa hakuinuka. Alikuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga, akauweka mwiko juu ya sufuria, akamtazama shemeji yake bila hasira, kama mtu aliyechoka anayesoma tangazo ukutani.

"Shemeji," alisema, "hawa wameacha majani na maji, siku tatu wanamhangaikia ndugu yako. Yeye alilazwa siku tisa anakuulizia wewe, ukatuma ujumbe kwamba vitunguu haviachiki. Leo vimeachikaje?"

Amon akaanza kuikunja upya kamba yake.